Gwiji wa Mauzo Awafunda Vijana wa Katoro

Vijana, wabeja kwa makofi ambayo najua mlikuwa mnajiandaa kuyapiga. Mbele yenu amesimama Gwiji wa Mauzo, jina nililojipa mwenyewe baada ya kuona wengine wanachelewa kunipa. Suti hii ni ya Italia. Ilipumzika tu kidogo kwenye belo la mtumba.

Mmeniuliza: kijana asiye na mtaji wala uzoefu aanzie wapi kuuza? Swali zuri. Nitalijibu nikishamaliza kujitambulisha.

Mimi ni mfanyabiashara wa wilaya mbili. Asubuhi niko hapa Katoro, Wilaya ya Geita. Mchana niko Buseresere, Wilaya ya Chato. Huyo anayecheka kule nyuma, eti ni mwendo wa miguu, hajui bei ya soli.

Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, mimi nilikikataa. Vilikuwa vya watu ambao mauzo yao hayafiki milioni nne kwa mwaka. Gwiji apimwe kwa milioni nne? Mama watoto alikichukua, kwa ajili ya meza yake ya dagaa. Alilipa mwenyewe, kama alivyolipia ukumbi huu.

Sasa tuje kwenye kazi ya kuanzia. Nami nilianzia chini: chini ya mwavuli, nikisajili laini za simu kwa kamisheni. Kilikuwa kipindi cha alama za vidole, nchi nzima inakimbizana na tarehe 20 Januari 2020 kabla laini hazijaanza kuzimwa. Wateja walijileta wenyewe. Hapo ndipo kipaji hupimwa!

Akaja mchimbaji, katoka duarani, vidole vimelika kwa nyundo na mawe. Mashine ikamkataa. Nikamwambia, kitaalamu kabisa, kwamba hana vidole. Akaondoka. Binti wa mwavuli wa jirani akampa maji na sabuni, akampa kitambaa ajikaushe, akajaribu kidole kimoja kimoja mpaka mashine ikakubali gumba la kushoto. Kisha akamuuliza wenzake kule duarani wako wangapi. Jioni wakaja kumi na mmoja. Bahati tu. Kesho yake akahamishia mwavuli karibu na karasha, pamoja na ndoo ya maji. Bahati tena. Mimi nilibaki palepale. Mtu wa hadhi hafuati wateja, huonekana.

Leo yeye ni supavaiza wa eneo zima, nami bado nina mwavuli wangu, rangi imepauka kidogo. Msinihurumie. Haya yote yamo kwenye kitabu changu, nikishakiandika.

Sasa, siri ya kwanza ya muuzaji anayeanza ni... samahani, simu hii lazima niipokee.

Shikamoo, madam. Ndiyo, madam. Mbili. Tangu Jumatatu. Hapana, siyo mbili kwa siku, mbili jumla. Ndiyo, moja ni ya mama watoto. Nimekuelewa, madam. Leo hii hii.

Tuliishia wapi? Ehe, siri. Kabla sijaitoa, jamani, naomba mikono juu: nani humu ana namba ya NIDA na hajasajili laini ya pili?