Kivinjari Kinaposingiziwa

Kompyuta inayozimika mtu akiwa mtandaoni ina tabia ya kuchagua wakati. Haizimiki akisoma habari za usajili wa wachezaji. Huzimika fomu ya kuomba mkopo wa masomo ikiwa imefika kipengele cha mwisho, cheti cha kuzaliwa kimeshapakiwa, dirisha la maombi linafungwa jioni ile ile, na foleni ya steshenari imesimama nyuma ya kiti ikisoma majina matatu ya mwombaji na kipato cha mzazi wake. Kioo kinakuwa cheusi. Wa kwanza kuguna ni yule mwenye zamu inayofuata.

Uchunguzi huanza kwa kutambua kilichokufa, maana vifo viko vitatu. Kikifa kichupo kimoja, ukurasa hufutika na kikatuni chenye huzuni hushika nafasi yake, huku vichupo vingine vikiendelea na shughuli zao. Kikifa kivinjari chote, programu nyingine hubaki wazi. Ikifa kompyuta nzima, huja skrini ya bluu au giza tupu. Fundi wa mtaani hazihitaji tofauti hizo. Kwake vifo vyote vitatu ni virusi, na tiba ni moja: kupiga Windows upya.

Ukweli ni kwamba kivinjari hakina ubavu wa kuua kompyuta. Chrome ilipotoka Septemba 2008, Google ilimpa mchoraji Scott McCloud kazi ya kueleza kwa katuni jinsi ilivyoundwa, na muundo wenyewe ulistahili katuni. Vivinjari vingi vya awali viliendesha kurasa zote ndani ya mchakato mmoja, hivyo ukurasa mmoja ukivurugika, zote zinazama pamoja. Chrome ilizigawa kurasa katika michakato mbalimbali, kila mmoja umefungiwa na kunyimwa ruhusa ya kugusa kiini cha mfumo. Ukurasa mbovu hufia chumbani kwake. Firefox ilianza kuwapelekea watumiaji wa kawaida mgawanyo wa namna hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo mashine nzima inapoanguka, mkosaji hutafutwa chini ya kivinjari: draiva, RAM, umeme au joto.

Joto ndilo linalostahili kushukiwa kwanza, hasa kwenye laptopu ya mtumba. Ukurasa wa leo huchezesha video ambazo hakuna aliyeziomba, huchora matangazo yanayotembea, na kuifanyisha prosesa kazi bila kupumzika. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 za selsiasi hujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Kifuniko cha chini kikifunguliwa, chanzo huonekana kwa macho: kati ya feni na mapezi ya shaba pamelala vumbi lililoshikamana kama mkeka, linaloweza kubanduliwa kipande kizima. Feni inazunguka kwa bidii na hewa haipiti. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa nayo imekauka, inabanduka kwa kucha. Kusafisha na kupaka pesti mpya ni kazi ndogo. Windows, kwa upande wake, huandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 41, lenye maana kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa vizuri kwanza. Hilo foleni nzima ilishaliona.

Draiva ya picha hufuata. Vivinjari hukabidhi uchoraji kwa GPU, yaani chipu ya picha, na tangu Windows Vista, GPU isipojibu ndani ya sekunde 2 mfumo huiwasha upya. Kioo huzima kidogo na kurudi, au huja bluu. Mtumiaji azime matumizi ya GPU kwenye mipangilio ya kivinjari, kisha ajaribu ukurasa ule ule. Ukitulia, draiva ipakuliwe upya kutoka kwa mtengenezaji.

RAM ikiwa haba, kompyuta hustaki kabla ya kufa. Kugawa kurasa katika michakato kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa RAM. Kwenye Chrome ya Windows, Shift na Esc huonyesha kichupo kipi kinakula nyingi. Hapa ndipo mzaha unapokwisha. Mara nyingi mlaji ni fomu yenyewe: vipengele lukuki, picha kubwa za viongozi juu yake, na hakuna kitufe cha kuhifadhi rasimu. Aliyeitengeneza huenda aliijaribu kwenye mashine yenye RAM ya kutosha na umeme usiokatika, kisha ikapelekwa kwa watu wanaolipia kompyuta kwa nusu saa. Ikikatika, mwombaji huambiwa aanze upya, na kuchelewa kunahesabiwa kuwa uzembe wake.

Yaliyobaki ni mafupi. Viendelezi vya kivinjari vijaribiwe kwa kufungua ukurasa katika hali fiche, ambamo kwa kawaida huwa vimezimwa. RAM mbovu hupimwa kwa kipimo kilichomo ndani ya Windows. Chaja isiyo na nguvu ya kutosha ibadilishwe. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020 na Chrome mwaka 2023, kwa hiyo anayeitumia asitarajie marekebisho. Majibu marefu yaandikwe pembeni kwanza, ndipo yabandikwe kwenye fomu. Na kompyuta ikizimika hata kivinjari kikiwa kimefungwa, fundi aambiwe hivyo kabla hajatoa flashi ya Windows mfukoni.