Ng'ombe Asiye na Kichwa

Mwaka 1876 Henry Stanley alifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, akaonyeshwa nyumba ya hazina. Humo aliona silaha za kifalme, bata wa shaba nyeupe, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Mgeni wetu hakuzimia kwa uzuri. Aliandika kwamba bata wale ni sanamu za kazi isiyo na ustadi.

Haya, twende Paris, jumba la Louvre. Juu ya ngazi amesimama Nike, mungu wa ushindi wa Wagiriki, aliyefukuliwa kisiwani Samothrace mwaka 1863. Hana kichwa. Mikono pia hana. Mwenzake, Venus wa Milo, kichwa anacho, mikono ndiyo iliyopotea. Watu wanalipa kiingilio, wanasogea kwa adabu, wananong'ona kama wako matangani.

Mtaniambia Nike alivunjwa na karne, yeye hakuumbwa hivyo. Sawa. Basi aliyevunjika ni gwiji, na ng'ombe wa Karagwe ni chuma chakavu? Wataalamu wakimwona Mgiriki hana kichwa husema mchongaji ametuachia fumbo. Wakimwona wetu husema fundi hakumaliza kazi.

Nilimwonyesha mzee mmoja wa Kyerwa picha ya Nike kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akanirudishia.

"Mjukuu wangu," akasema, "kumbe ng'ombe wetu hawakupungukiwa vichwa. Walipungukiwa ngazi."