Namna ya Kutengeneza Pwani Pasipo na Bahari

Anza kwa kutafuta dampo. Sitanii. Anayetaka uwanja wa gofu wa mtindo wa linksi, ule wa upepo, ardhi ngumu na vinundu visivyo na mpangilio, asihangaike na bahari. Ufuo ni ghali, na kwa kawaida una mwenyewe. Alexandria, jimbo la Virginia, iko mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Atlantiki. Ina mto Potomac, ambao hujaa na kupwa hadi hapo mjini, na ina barabara ya Telegraph, ambako klabu ya Hilltop iliweka mashimo 9 ya kilinksi juu ya dampo la vifusi vya ujenzi.

Linksi za asili ziko Uskoti, kwenye ukanda wa mchanga kati ya mashamba na bahari. Ardhi ile haikufaa kwa kilimo, ikaachiwa kondoo, sungura na wacheza gofu. Hakuna mchoraji aliyekaa mezani kuibuni. Hata mashimo 18 ambayo leo ni kanuni ya dunia nzima yalipatikana St Andrews mwaka 1764, pale mashimo manne mafupi yalipounganishwa yakawa mawili. Kwa hiyo wewe wa bara unataka kubuni kitu ambacho uzuri wake ni kutobuniwa, na hapo ndipo wengi hupotea: humwaga vilima vya udongo mahali tambarare, wakapanda majani marefu pembeni, wakaita linksi. Sura ipo, sababu haipo. Dampo linakupa sababu.

Usipande mti hata mmoja. Dampo likifungwa hufunikwa kwa mfuniko, mara nyingi udongo wa mfinyanzi, ili maji ya mvua yasizame kwenye taka. Mzizi mrefu ukiutoboa, kazi imeharibika. Basi kilima kinabaki wazi, na kwa kuwa kimeinuka kuliko mitaa inayokizunguka, upepo unakifikia bila kizuizi. Huo upepo ndio bahari yako. Wachezaji wa klabu ya Mombasa, wenye mashimo yao 9 juu ya majabali ya ufukweni, wanajua kwamba fimbo iliyofaa wakati wa kaskazi haifai kusi ikiingia. Alexandria nayo ina misimu yake: baridi huja na upepo wa kaskazini-magharibi, joto huja na wa kusini. Geuza mashimo yako yaelekee pande tofauti, ili mchezaji asipate upepo wa mgongoni raundi nzima.

Usichimbe pia. Bunka la Uskoti, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji, wanasimulia, lilianza na kondoo aliyejibanza kwenye mteremko akikwepa baridi, akaparua nyasi hadi mchanga ukatokeza. Juu ya dampo huwezi kuchimba hivyo bila kuugusa mfuniko. Inabidi uongeze udongo, uinue kingo, shimo lipatikane kwa kujenga kwenda juu. Na taka zilizo chini zitaendelea kushuka kwa miaka, huku zaidi, kule kidogo. Maji yakituama, rekebisha. Kama hayatuami, mwombe mwenye katapila aende zake. Kinundu kilichojitokeza chenyewe kina thamani kuliko kumi vilivyochorwa.

Sasa nunua mchanga, mwingi kuliko moyo wako unavyotaka. Udongo wa sehemu nyingi za Virginia ni mfinyanzi. Ukilowa unanata, na mpira unaoanguka hapo hukwama kama tonge kwenye mchuzi mzito. Linksi inataka mpira uanguke, udunde, ukimbie. Ndiyo maana mlango wa kila grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, uachwe wazi, ili mwenye akili aupige mpira chini kwa chini, uteremke kwenye kinundu na kuingia wenyewe. Ukiziba mlango huo kwa bunka, kila mtu atalazimika kurusha mpira juu, na gharama yote uliyoingia haina maana. Hili kwangu halina mjadala. Mzee asiye na nguvu za kurusha mpira mbali anaweza kushinda kwenye linksi kwa kuisoma ardhi, na uwanja unaomnyima nafasi hiyo haustahili jina.

Nyasi za Uskoti hupenda ubaridi. Kiangazi cha Alexandria, chenye joto na unyevunyevu, kitazitesa. Panda bermuda, ambayo licha ya jina lake ina asili ya Afrika na haiogopi jua. Baridi ikifika itageuka rangi ya kahawia. Wanachama watakuja ofisini kulalamika kwamba uwanja umekufa. Wape fimbo, wapeleke shimo la kwanza, wapige mpira wauone unavyokimbia, na ufunge bomba la maji.