Nyuki wa Mwalimu

Mke wangu hufundisha Kiswahili kwa mtandao, na wanafunzi wake wengi wako Ujerumani. Jioni moja mmoja wao akamuuliza kwa adabu zote: “Mwalimu, unafuga nyuki?”

Nyuki hatuna. Tulikuwa na mngurumo, nguuu, usiokoma, na mwalimu mwenyewe alikuwa akiusikia kwenye hedifoni pamoja na pumzi zake.

Shemeji, ambaye kwake dawa ya kila kitu ni kununua kipya, akaleta hedifoni za Bluetooth. Muziki ukatoka safi. Maiki ilipowashwa tu, sauti ikafifia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Bluetooth nyingi ndivyo zilivyo: zikibebeshwa maiki na sauti kwa pamoja, ubora hushuka. Zikarudi dukani.

Binti yetu, ambaye hajui kuosha sufuria ikatakata, akaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows kama aliyezaliwa humo. Akaikuta maiki imewekewa tiki pale panapoifanya isikike kwenye hedifoni, na ukuzaji wake umepandishwa hadi desibeli 30, kiasi kwamba hata feni ya darini ilikuwa inahudhuria somo. Akaondoa tiki, akashusha ukuzaji hadi 10. Mwalimu akapona masikio. Wajerumani bado wakasikia nyuki, wadogo wadogo.

Mama yangu alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele. “Juzi umeme ulikatika, akafundisha kwa betri,” alisema bila kuinua uso. “Mbona siku hiyo hawakumuuliza nyuki?”

Tukachomoa chaja: kimya. Tukachomeka: nguuu. Nikapitisha kidole juu ya bati la laptopu, kikasisimka.

Fundi umeme akafungua soketi. Kwa nje ina matundu matatu, heshima tupu. Ndani kulikuwa na nyaya mbili na utando wa buibui. Ule wa ethi, wa kijani na njano, hakuna aliyewahi kuuvuta. Chaja za namna hii huvujisha umeme kidogo sana, ambao ungeteremka ardhini. Ukikosa njia, hubaki kwenye bati, ukapenya hadi kwenye maiki, ukinguruma kwa mwendo wa umeme wetu, mizunguko 50 kwa sekunde.

“Tunavuta waya, tunachimbia fimbo ya shaba,” fundi akasema. “Inataka udongo wenye unyevu.” Akaangaza uani, macho yakatua kwenye tuta la mchicha.

“Hapo hapana, baba,” Mama akasema.

“Bibi, kwingine kote pakavu.”

“Basi pamwagilieni.”

Fimbo ikachimbiwa kando ya ukuta, nyuki wakahama. Jioni sasa binti yetu hubeba ndoo mbili: moja ya mchicha, moja ya ethi, na ya pili huibeba akinung’unika.