Ploti kwa Wenye Baraza

Darasani uliambiwa msuko una mwanzo, mgogoro, kilele na suluhu. Ukakariri, ukapita mtihani, na mpaka leo ukisimulia ulivyoibiwa simu watu barazani wanasinzia. Tuanze upya.

Ukichelewa kutoka Kilifi, usiseme matatu iliharibika. Anza na enzi za feri, ingawa daraja lina miaka tangu lifunguliwe 1991. Hiyo ndiyo mbinu rejeshi. Ukirudi nyuma kupita babu wa tatu, wallahi, hiyo tena ni mirathi.

Mgogoro ndio unaowashinda wengi hapa Malindi. Mgeni akishuka tu, anapewa Vasco da Gama, na kisa chenyewe hakina ploti. Aprili 1498 mtu anatoka Mombasa roho mkononi (hapo panaanza kunoga), anafika kwetu, mfalme anamkaribisha na kumpa rubani wa kumfikisha India. Basi! Alikuja, akala, akaondoka: msuko sahili. Ukarimu wetu uliua hadithi, ikabaki nguzo ya kupigia picha.

Mgogoro uko kwa Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, anataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi ya serikali. Inasimuliwa kwamba mama huyu alimletea kuku na vifaranga wake, akamwambia: haya, chukua mmoja. Bwana akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hakuna hotuba, na kila aliyekuwepo kashajua yatakayofuata. Vitabuni hilo wanaliita kiangaza mbele. Wagiriama walikuwa na kuku tu. Kisha mama anakamatwa, anapelekwa Kisii, na 1914 anatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Msimulizi mvivu angempandisha lori hapo. Muache atembee, wasikilizaji nao wachoke.

Suluhu usijisumbue nayo. Tazama magofu ya Gede: misikiti, kasri, visima, halafu karne ya 17 wenyewe wakahama bila kuaga. Huyu anasema maji yalikauka, yule anasema walivamiwa na Wagala, mwingine Wazimba, na tiketi za kuingia bado zinauzwa. Nawe ukifika kilele, mwizi kashikwa shati, kumbuka ghafla kwamba viazi karai vinapoa nyumbani. Vaa ndala. Kesho utakuta baraza imejaa kabla ya alasiri.