Hisani ya Mabwana

Hakuna kiumbe azungukwaye na hisani asiyoiomba kama mwanamke wa pwani atokapo hadharani: akipanda daladala hupishwa kiti, jambo ambalo mimi, kwa magoti niliyojaaliwa, sijalikataa hata siku moja, akiwa na kikapu chepesi hupokewa, akitaka kuvuka njia husimamishiwa magari na bwana asiye askari wala mwenye amri, na akisema kwamba anajiweza, hutabasamiwa kwa huruma kama mtoto anayedai hana usingizi.

Ithibati yake niliipata Paje, nilipokuwa nikirejea mjini, gurudumu la gari langu lilipopata pancha kabla sijatoka kijijini. Jeki ninayo, spana ninayo, na kazi yenyewe nimeizoea. Nilikuwa nimekwisha inama nikilegeza nati ya kwanza, gurudumu likiwa bado chini ili lisizunguke, walipotokea mabwana wanne, mmoja wao mzee wa kanzu nyeupe pe, wakaninyang'anya spana kwa taadhima kubwa.

"Mwanangu," akasema mzee, "kaa kivulini, haya si mambo yako."

Nikakaa, nikakabidhiwa simu zao na kofia ya mzee nizitunze. Wakaliinua gari kwanza, kisha ndipo wakazikabili nati, na gurudumu, kwa kuwa lilikuwa hewani, likawa linazunguka pamoja na spana na bwana aliyeishika. Na kila nilipofumbua kinywa nieleze, niliambiwa kwa upole nisitie shaka.

Shauri hilo likiendelea, wakapita akina mama watokao baharini, viroba vya mwani mbichi vichwani, maji ya chumvi yakiwatiririka mabegani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo aghalabu ya wakulima wake ni wanawake, ambao hungoja maji yakapwa, wakapiga vigingi, wakafunga mbegu kambani, wakavuna na kuanika. Na kiroba kilicholowa ni mzigo wa kumtia adabu hamali wa bandarini. Hakuna aliyenyanyuka kuwapokea. Bwana mwenye spana alikuwa mume wa yule aliyetangulia, nami nililitambua hilo kwa vile alivyomwuliza kama chakula kingekuwa tayari mapema, maana yeye amechoka kwa kusaidia watu. Wallahi si watu wabaya. Ila wema wao huchagua mizigo, na hupendelea ile iliyo kando ya lami, yenye watazamaji.

Hatimaye gari likashushwa, ikasalia nati moja ambayo mzee alinikabidhi pasipo maelezo. Nikawanunulia soda, naye akainama dirishani akaniusia nimwambie mume wangu awe akilikagua gari kabla sijatoka. Nikaitikia inshallah, ingawa mume wangu, Mola amweke, hajui kuendesha, na mamlaka yake garini hayazidi redio.

Nilipofika Kitogani nikaegesha, nikahakikisha kwanza kwamba hapana bwana yeyote karibu, kisha nikaikaza ile nati.