Sifa za Nukta Mkato

Nukta mkato haina mtu wa kuisemea, kwa hiyo nimejitolea. Ni hii hapa: ; Katika Kiswahili cha kawaida unaweza kusoma gazeti zima usikutane nayo. Lakini katika lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika mdogo wake C++, ndiyo inayofunga sentensi. Bila ridhaa yake hakuna kinachokwenda. Vijana wa mtaani kwetu wanaojifunza kuandika programu hunijia jioni na salamu moja: "Shikamoo kaka, programu imegoma." Marahaba. Tayari najua aliyeigomesha.

Sifa yake kuu ni staha. Ikikosekana, haijitangazi. Kijana ameisahau mwisho wa mstari wa 11, kompaila, yaani mkalimani wa programu, inalalamikia mstari wa 12. Kwa C, kushuka mstari ni sawa na kuacha nafasi tupu. Basi kompaila inaendelea kusoma ikidhani sentensi bado haijaisha, mpaka igongane na neno la kwanza la mstari wa 12. Hapo ndipo inapopiga kelele. Mstari wa 12 hauna hatia, lakini nani atausikiliza? Unafutwa, unaandikwa upya, unafutwa tena. Kompyuta inazimwa na kuwashwa. Binamu aliyesomea kompyuta anapigiwa simu usiku. Muda wote huo mstari wa 11 umekaa hapo juu, mpole, hauulizwi neno. Staha ya namna hii sijaiona kwingine ila kwa mweka hazina wa kamati ya harusi: pesa zimepungua mikononi mwake, anayefokewa ni mpishi.

Tena ni karimu. Ibandike pasipotakiwa, mara tu baada ya mabano, hivi: if (alama >= 40); kisha mstari unaofuata uchapishe "Umefaulu". Kompaila kwa kawaida itapitisha bila kinyongo, na mwenye alama 3 atafaulu sawasawa na mwenye 90. Naipendekeza kwa miaka ya matokeo mabaya.

Ni msafiri pia: Wagiriki huitumia kuwa alama ya kuuliza. Lugha ya JavaScript hujiwekea yenyewe pale mwandishi alipoisahau, wakati mwingine pasipo mahali pake. Python ya Guido van Rossum, iliyotoka 1991, iliamua kuishi bila kuitegemea, ikaziachia nafasi za mwanzo wa mstari kazi ya kutesa watu.

Nilikusudia kuendelea na unyenyekevu wake, lakini alikuja binti mmoja wa mwaka wa pili na daftari. Si kompyuta, daftari. Programu nzima kaiandika kwa kalamu, na mwalimu kaisahihisha kwa wino mwekundu, akikata alama kila palipokosekana nukta mkato. Mantiki yote ilikuwa sahihi. Mashine haijawahi kuiona programu hiyo. Hivi kweli? Kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa kufumba na kufumbua, analipwa mshahara mtu mwenye shahada aifanye kwa macho?

Na maabara ya chuo chake, siku ikifunguliwa, ina kompaila ya Turbo C++ ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ile ya skrini ya bluu, iliyotangulia hata kiwango rasmi cha kwanza cha C++ cha mwaka 1998. Kompaila za leo kama GCC na Clang ni za bure, na mara nyingi humwonyesha mtu palepale, mwisho wa mstari wa 11. Binti anafundishwa kuandika iostream.h ya zama hizo, akifika nyumbani kompaila mpya inamkatalia, anajiona mjinga. Ndiyo maana vijana hawa hawaniambii kamwe ujumbe wa kosa unasemaje. Wanasema tu imegoma. Hakuna aliyewaambia kwamba ujumbe ule ni wa kusomwa, tena kuanzia kosa la kwanza juu, kwa kuwa mengine ishirini yaliyo chini huenda yamezaliwa na hilo moja. Wala kwamba ukitajiwa 12, utupie jicho na 11.

Walimu wetu, muhula ujao, kipindi cha kwanza kabisa, wafungulieni wanafunzi maabara. Wapeni programu inayofanya kazi, kila mmoja aondoe nukta mkato moja kwa makusudi, asome mashine inavyosema, kisha airudishe. Ni kazi ya dakika tano.